Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwa daftari lipi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mnamo Agosti 2025, Kenya ilipoandaa mashindano ya CHAN pamoja na majirani zake Uganda na Tanzania, methali hiyo ilitimizwa kwa kishindo. Vijana wa Harambee Stars waliahidiwa na Rais wa nchi shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila ushindi, nao wakawalaza Kongo, Moroko na Zambia kabla ya kutolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Sidhani kwamba yuko Mkenya mwenye nia njema aliyewaonea kijicho. Hata hivyo, baada ya vigelegele kutulia, yafaa tujiulize swali ambalo halikuulizwa wakati ule wa furaha: je, tunayo desturi gani ya kumtunza mchezaji bora mwaka baada ya mwaka, pasipo kungojea mashindano makubwa wala ukarimu wa mkubwa?

Ili kulijibu swali hili, ningependa kumpeleka msomaji hadi Marekani, kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwa mbali tu katika televisheni. Nakusudia kandanda ya Kimarekani, na hasa tuzo zinazotolewa kila mwaka kwa wachezaji wa nafasi moja pekee katika mchezo huo. Msomaji asidhani kwamba nimepotea njia, kwa maana mchezo wenyewe umekwisha kubisha hodi kwetu. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alijiunga na klabu ya Indianapolis Colts mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya huko, NFL. Mwaka 2023 ligi hiyo ilifungua kambi jijini Nairobi kusaka vipaji vya Afrika. Oktoba mwaka huo huo, wakuu wa Olimpiki waliamua kwamba aina nyepesi ya mchezo huo, ambayo mchezaji haangushwi chini bali hunyofolewa utepe uliofungwa kiunoni, itachezwa katika michezo ya Los Angeles mwaka 2028.

Sasa tuieleze hiyo nafasi yenyewe. Katika kandanda ya Kimarekani kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na mpira wao una umbo la yai, kama ule wa raga. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele kwa yadi 10. Ikishindwa, wapinzani huuchukua. Kila nafasi huanza kwa mpira kupitishwa nyuma, kati ya miguu ya mchezaji wa safu ya mbele, mpaka mikononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo ndiye kwotabeki. Ndiye anayewatangazia wenzake mpango wa shambulizi, na ndiye anayeamua, kwa muda wa sekunde mbili au tatu, amrushie nani mpira, amkabidhi nani mkononi, au akimbie nao mwenyewe, huku majitu yenye uzito wa zaidi ya kilo 120 yakimjia kwa kasi. Sisi watu wa pwani tungemwita nahodha wa jahazi: tanga huvutwa na wengine, lakini usukani u mikononi mwake.

Kwa mtu huyu mmoja Wamarekani wameweka tuzo nyingi, na hapa nitazitaja zile za vyuo vikuu, kwa kuwa huko ndiko wanakopikwa wale wanaokwenda kucheza kwa malipo. Kuna Kombe la Sammy Baugh, lililoanza kutolewa mwaka 1959 na klabu ya wapenzi wa mchezo huo mjini Columbus, Ohio, kwa mrushaji bora wa mpira. Kuna Tuzo ya Davey O'Brien ya mjini Fort Worth, Texas, ambayo tangu mwaka 1981 imekuwa ya kwotabeki bora wa vyuo vya nchi nzima. Wa kwanza kuipata alikuwa Jim McMahon. Mwaka 1987 ikaja Tuzo ya Mkono wa Dhahabu ya Johnny Unitas, kwa walio katika miaka ya mwisho ya masomo yao, na Don McPherson akawa wa kwanza kuitwaa. Mwaka 2004 ikaanzishwa Tuzo ya Manning, kwa heshima ya Archie na wanawe Peyton na Eli, ambao wote watatu walicheza nafasi hiyo. Zaidi ya hizo, iko ile kongwe ya Heisman, iliyoanza mwaka 1935. Hiyo kwa kanuni ni ya mchezaji yeyote bora, lakini tangu mwaka 2000 imewaendea makwotabeki mara nyingi kuliko wengine wote.

Katika kuzichunguza tuzo hizi nimeona mambo matatu yanayofaa kutufunza.

La kwanza ni jina. Tuzo hizi zimepewa majina ya watu waliocheza, na majina hayo yana visa vyenye mafunzo. Davey O'Brien alikuwa mtu mfupi, mwenye umbo dogo, na bado mwaka 1938 aliishinda tuzo ya Heisman. Johnny Unitas naye alikataliwa mwaka 1955 na klabu ya mji wake wa Pittsburgh kabla hajachezeshwa hata mechi moja ya ligi. Akaenda kufanya kazi ya ujenzi, na mwisho wa juma akicheza katika viwanja duni kwa dola chache, mpaka Baltimore Colts walipomchukua mwaka 1956. Miaka miwili baadaye aliwapa ubingwa wa nchi. Basi kijana anayepewa tuzo ya Unitas hupewa pamoja nayo habari za mtu aliyeokotwa mavumbini. Wadhamini wanaweza kuja na kuondoka, lakini jina hilo hubaki pale pale.

La pili ni masomo. Waamuzi wa tuzo ya Unitas hutakiwa kupima pia tabia ya mchezaji, uongozi wake na bidii yake darasani. Wakfu wa O'Brien nao hutoa ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa shule za sekondari. Hekima yake ni wazi. Mguu huvunjika, mkono huteguka, na wachezaji walio wengi hawafiki kwenye ligi ya malipo hata kidogo.

La tatu, na ndilo kubwa kuliko yote, ni daftari. Kila mpira unaorushwa na kwotabeki huandikwa: amerusha mara ngapi, mingapi imedakwa na wenzake, imesonga yadi ngapi, mingapi imezaa alama, na mingapi imenyakuliwa na adui. Wanaopiga kura wanaweza kubishana, na hubishana kweli kweli, lakini hubishana juu ya jambo lililoandikwa. Hesabu ya kijana wa chuo kidogo cha mashambani husomwa sawa na ya kijana wa chuo chenye jina. Wahenga wetu waliliona hili zamani waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasifu kila kitokacho ng'ambo, yafaa niseme pia kasoro zao. Tangu msimu wa 2013 hadi ule wa 2024, tuzo ya mchezaji bora wa NFL inayotolewa na shirika la habari la Associated Press iliwaendea makwotabeki watupu, misimu 12 mfululizo. Je, tuamini kwamba katika miaka hiyo yote hapakutokea mlinzi wala mkimbiaji mmoja aliyewazidi? Na wale wanaume watano wa safu ya mbele, wanaopigwa vikumbo ili kwotabeki apate zile sekunde zake mbili, nani anawataja? Wamarekani wenyewe waliing'amua dosari hiyo. Mwaka 2015 walianzisha Tuzo ya Joe Moore, ambayo hupewa safu nzima ya mbele kwa pamoja wala si mtu mmoja. Wa kwanza kuipata walikuwa safu ya Chuo Kikuu cha Alabama.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kwa miaka mingi Wamarekani weusi walinyimwa nafasi ya kwotabeki kwa kisingizio kwamba akili zao hazifai kwa kazi ya uongozi. Kijana mweusi aliyeng'ara hapo chuoni alihamishwa, akaambiwa akimbie tu. Mwaka 1993 Charlie Ward, kijana mweusi, alizitwaa Heisman, O'Brien na Unitas kwa mkupuo mmoja, lakini mwaka uliofuata hapakuwa na klabu hata moja ya NFL iliyomteua. Akaenda New York kucheza mpira wa kikapu. Kwa hivyo tuzo si dawa ya kila ugonjwa. Lakini daftari lilibaki likishuhudia. Doug Williams alikuwa ameshinda fainali kuu ya Super Bowl mnamo Januari 1988, Andre Ware akapata Heisman mwaka 1989, na kila mwaka ukweli ulioandikwa ukazidi kuwasuta wenye dharau. Mnamo Februari 2023 fainali hiyo ilichezwa na makwotabeki wawili weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Anayedhulumiwa bila maandishi hubaki na malalamiko tu, ilhali mwenye maandishi ana hoja mkononi.

Sasa na turejee nyumbani. Katika Afrika Mashariki tumewahi kuonja utamu wa tuzo kubwa. Mnamo Januari 2016, mjini Abuja, Mtanzania Mbwana Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Mwaka mmoja baadaye tuzo hiyo hiyo ilichukuliwa na mlinda lango wa Uganda, Denis Onyango. Mwaka 2020 Mkenya Michael Olunga alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani na kutawazwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi hiyo. Tuliona fahari, na ilikuwa haki yetu. Lakini hebu tutazame walikokuwa wakati huo. Samatta alikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, Onyango alikuwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Olunga alikuwa Kashiwa Reysol. Vipaji vilikuwa vyetu, na daftari lilikuwa la wengine.

Hapa kwetu desturi ya tuzo imejengwa juu ya mchanga. Hata zile za enzi ya ukoloni zilikuwa hivyo: lile kombe la kale lililoanza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926 liliitwa Gossage, jina la watengenezaji wa sabuni. Katika miaka ya karibuni ligi yetu kuu imekuwa kama mtoto wa kambo. SuperSport waliondoka mwaka 2017. SportPesa walijitoa mwanzoni mwa 2018, wakarejea mwaka huo huo, wakaondoka tena mwaka 2019. BetKing walikuja mwaka 2020 kwa mkataba wa miaka mitano, ambao ulivunjika mwaka uliofuata. Kisha FIFA ikaifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Katika msukosuko wa namna hiyo, tuzo ya mchezaji bora ingetia mizizi wapi?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tuzo za Soya, alizoanzisha mwanariadha Paul Tergat mwaka 2004, zimestahimili kuliko nyingi, na sherehe zake zimewahi kufanyika hata hapa Mombasa. Ni jambo la kupongezwa. Lakini Soya ni paa la nyumba. Huwatambua waliokwisha kujulikana, wenye medali na mataji. Mimi ninauliza habari za msingi.

Niishipo ni Bofu, wadi mojawapo kati ya tano za Likoni, pamoja na Mtongwe, Shika Adabu, Timbwani na Likoni yenyewe. Jua likianza kulala, vijana huku hucheza gozi kwa ari ambayo hata mgeni asiyejua mpira angeisimamia. Barazani wazee husimulia Feisal, klabu ya Mombasa iliyoutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, wakati ligi ya taifa ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Ukiwauliza ni nani aliyekuwa kiungo bora wa kizazi chao, kila mmoja atakutajia jina lake, na mjadala utaendelea mpaka adhana ya isha. Utamu wa mjadala huo siukatai. Ninachosikitikia ni kwamba wazee hao wanatuaga mmoja baada ya mwingine, na kila anayekwenda huenda na ukurasa wake.

Hasara kubwa zaidi ni ya walio hai. Chukulia kijana wa Bofu mwenye umri wa miaka 19, mlinda lango hodari, anayevuka feri kwenda kufanya majaribio katika klabu kubwa. Amecheza mechi chungu nzima tangu utotoni. Atakapoulizwa ameokoa michomo mingapi, amecheza dakika ngapi, amefungwa mara ngapi, atakuwa na mdomo wake tu. Aliye na mjomba ofisini ataaminiwa kabla hajagusa mpira. Asiye na mjomba atapewa dakika 10, na siku hiyo ikiwa si yake, basi. Atarudi ng'ambo hii akiwa hana cheti, hana karo wala kazi, na tunawajua vyema wanaomngojea kijana wa namna hiyo vichochoroni: wauza unga, na magenge ya mapanga ambayo yamewahi kuwanyima watu wa Likoni na Kisauni usingizi. Sisemi kwamba daftari litamaliza uhalifu. Nasema kijana aliyeandikwa mahali anajua kwamba yupo anayemwona.

Najua yatakayosemwa dhidi ya hoja hii. Wengine watasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba tuzo huwavimbisha vijana vichwa. Jibu langu ni kwamba sifa inayoharibu ni ile ya mdomo, inayotolewa kwa mapenzi. Sifa iliyopimwa humwonyesha kijana pia mapungufu yake, kwani daftari linaloandika mabao aliyofunga huandika na nafasi alizopoteza.

Wengine watauliza tuzo ni za nini ilhali vijana hawana viwanja wala viatu. Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Ardhi ya pwani imekuwa windo la wanyakuzi kwa muda mrefu, na viwanja vya watoto vimekuwa vya kwanza kutolewa macho. Lakini tutafakari kidogo. Mnyakuzi anapofika mbele ya afisa wa ardhi hudai kwamba eneo ni tupu, halina matumizi. Wakazi wakiwa na daftari linaloonyesha mechi zilizochezwa pale mwaka mzima, kwa tarehe, kwa majina ya timu na sahihi za marefa, dai hilo litakuwa gumu kusimama. Daftari linaweza kumlinda mchezaji na likaulinda uwanja pia.

Basi napendekeza nini? Katika kila kiwanja cha wadi zetu tano pawe na daftari moja la mechi. Liandikwe na wanafunzi wawili wa shule ya upili wanaopenda hesabu, wakisimamiwa na mwalimu: tarehe, timu, majina, dakika, mabao, pasi zilizozaa mabao, michomo iliyookolewa, kadi. Kila mwisho wa mwezi nakala ibandikwe pale wakazi wote watakapoiona, ili mwenye pingamizi alitoe mapema. Mwisho wa mwaka zitolewe tuzo tatu, kwa wavulana na kwa wasichana sawia: ya kiungo bora, ambaye ndiye kwotabeki wetu, ya mlinda lango bora, na ya safu bora ya ulinzi, wapewe wote kwa pamoja, tusije tukarudia kosa la Wamarekani la kumwona nahodha na kuwasahau wavuta tanga. Mfungaji wa mabao nimemwacha makusudi, kwa sababu yeye hubebwa mabegani hata bila tuzo.

Tuzo hizo zipewe majina ya wachezaji wa zamani wa Likoni, wateuliwe na wazee wenyewe barazani kabla hawajatutoka. Zawadi iwe karo ya shule au ya chuo cha ufundi. Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kaunti jukumu la michezo, kwa hivyo hatuombi hisani tunapoitaka isimamie jambo hili. Isitoshe, gharama yake ni ndogo mno. Daftari na kalamu havihitaji mfadhili kutoka ng'ambo, wala havitangazi kamari kwa watoto.

Mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yamepangwa kuchezwa mwaka 2027 katika nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Bila shaka ahadi za mamilioni zitasikika tena, na wakubwa watapigwa picha na washindi. Hayo yana mahali pake. Lakini timu itakayocheza miaka 10 baada ya hapo iko viwanjani hivi sasa, pekupeku, katika wadi kama hii yetu, na wala hakuna anayeiandika. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Kabla ya kukivika pete, mtu sharti akijue ni kipi. Ninawaomba walimu, marefa na wawakilishi wa wadi wa Likoni wasingojee 2027. Msimu ujao wa shule ukianza, na lifunguliwe daftari la kwanza.